Hatua Saba Kutoka Kwenye Mshale

Wiki iliyopita, natoka shule na njaa yangu, nilipita mtaa wa nyuma ya soko nikakuta lori linapakia mawe. Siyo kokoto, ni yale mawe makubwa meusi ya msingi, yaliyochongwa kwa mkono na watu ambao bila shaka walikuwa na vidole vigumu kuliko vyangu. Vijana wawili walikuwa wanayarusha juu bila heshima yoyote. Mmoja akaniona nimesimama. "Dogo, kama huna kazi shika upande huu." Nikamwambia kazi ninayo, natazama. Akacheka, mimi sikucheka, na wanaonijua watakwambia hiyo ni habari ya kutangazwa kanisani. Ilikuwa kona ya mwisho ya nyumba ya Baba Recho. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, na ninajua kabisa kwamba mtu wa umri wangu akianza kusimulia "enzi zangu" anastahili kofi. Lakini sina namna. Mwaka niliokuwa kidato cha pili nilitunga uongo mmoja mtamu sana, na lile lori lilikuwa limekuja kubeba kilichobaki.

Mwaka ule mwalimu wetu wa Historia alichoka kutuona tunanakili ubaoni kama mashine. Akasema mji tunaoukanyaga kila siku hatujawahi kuuona, kwa hiyo Jumamosi zote za muhula ule tutembee kwa miguu kwenye mitaa ya zamani, wawili wawili, tuchore milango, tuhesabu madirisha, tuulize nani alijenga na kwa nini. Mimi nilipangwa na Happy. Happy ni msichana ambaye hupiga mstari wa pambizo kwa rula hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Nadhani mwalimu alitaka kunirekebisha mimi. Aliyeadhibiwa ni yeye. Tulianzia soko, tukashuka kwenye maduka ya zamani yenye baraza na nguzo za chuma, yeye anapima upana wa milango kwa futikamba ya mama yake, mimi nawaamkia wenye maduka. "Shikamoo mzee, tunatoka serikalini, tumekuja kupima kama mlango wako umenenepa." Happy alikuwa ananikanyaga mguu. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanishika, sikumwambia. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote nikitazama maandazi tu, na juu ya maandazi kulikuwa na mbao zilizotobolewa maua ili hewa ipite, na majina ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliyopakwa chokaa mara nyingi mpaka yakawa kama makovu.

Nyumba ya Baba Recho ilikuwa ndefu kuliko zote. Mbele alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja ambacho marehemu baba yake alimpa Mama Bura akitumie mpaka atakapochoka mwenyewe. Mama Bura alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, akastaafu, na watu wengine wakistaafu hufuga kuku, yeye akafungua makumbusho. Kipande cha mbao mlangoni kiliandikwa CHUMBA CHA KUMBUKUMBU, VUA KOFIA. Ndani palinuka moshi wa vibuyu na mafuta ya ng'ombe. Kulikuwa na mawe ya kusagia yaliyolika katikati kama matandiko ya farasi, bangili nzito za shaba za akina mama wa Kibarbaig, mizani ya duka, taipureta, na ukutani, peke yake, sketi ya ngozi iliyoshonewa shanga, ya mama yake mzazi, aliyoivaa siku ya kuolewa kule Mbulu. Tulikula pale kila Jumamosi. Mama Bura alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Nakwa na sufuria la makande limefungwa kwa khanga, anatugawia kwenye mabakuli ya bati, na sheria ilikuwa moja: usile ukiwa umeielekezea sketi mgongo. Nilimuuliza, "Mama, kwani itaniona?" Akasema, "Wewe kula. Ikikuona utajua."

Siku ya kwanza kabisa alitupeleka nje, kwenye jiwe la msingi la ukuta wa pembeni, akatuonyesha alama iliyochongwa: mstari mlalo, na chini yake mshale. "Hii ni ya wapima ardhi, enzi za Mwingereza," akasema. "Walikuwa wanachagua jengo imara, wanachonga. Mstari ndio kimo walichopima, mshale unauelekezea tu. Mtu akitaka kujenga daraja kule mbele anaanzia hapa kupima." Happy akaandika yote na kuichora alama. Mimi nikapiga miayo. Nilikuwa nimesikia vizuri, nataka mlielewe hilo. Nilijua kila kitu siku ile ile.

Muhula ulipofika katikati, Mama Bura akaalika watu waje waone chumba. Baba Recho alikuwa ameshaanza kunung'unika kwamba anakitaka awekee magunia ya mbolea, na Mama Bura alidhani akiona watu wengi wanakithamini, atakiacha. Walikuja kumi na tisa. Idadi naijua kwa sababu waliandika majina kwenye daftari la wageni: wanakwaya waliotoka mazoezini, wazazi, watoto, watu wa Maisaka na Bonga, hata Baba Recho mwenyewe. Asubuhi hiyo Mama Bura aliamka hana sauti, koo limekauka kabisa. Akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Yona, wewe una mdomo. Sema nilivyokufundisha. Usiongeze." Kisha akaenda kwa jirani kuomba maji ya moto.

Nilianza vizuri, naapa. Mawe ya kusagia, bangili, mizani. Tukatoka nje kwenye ule mshale, nikamwona mwanakwaya mmoja anaangalia simu, mzee mmoja amefumba macho akiwa wima. Mtu anayechekesha watu hawezi kuvumilia kitu kile. Inauma, kama njaa. Nikashusha sauti.

"Hii," nikasema, "kwa kweli sijaruhusiwa kuieleza."

Watu kumi na tisa wakasogea kwa pamoja.

Nikawaambia Mjerumani mmoja, sajenti, wakati anakimbia vita alizika sanduku la chuma hapa, limejaa rupia, akachonga mshale ili arudi. Nyumba yenyewe ilijengwa Mjerumani keshaondoka zamani, lakini nani alikuwa anahesabu? Mzee aliyekuwa amesinzia akafumbua macho. "Mbona mshale unaelekea juu?" Nikamjibu, "Ndiyo ujanja wenyewe, babu. Aliugeuza ili Mwingereza ahangaike na paa." Wakacheka sana. Baba Recho alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka, kijiti mdomoni. Yeye hakucheka. "Hatua ngapi?" akauliza.

"Saba," nikasema. "Za mtu mzima mwenye buti."

Makofi yalilia mpaka Mama Bura akarudi mbio na kikombe chake. Akawatazama wageni, akanitazama mimi, macho yamemjaa maji. Akanishika bega. "Umeona?" alinong'ona. "Ukweli ukisemwa vizuri, watu wanapiga makofi." Happy alikuwa nyuma yake, ameshika daftari kifuani, ananitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Jioni nikamnyang'anya lile daftari, na karibu na mchoro wake mzuri wa mshale nikachora buti saba kwa mstari. Nilidhani nachekesha.

Wiki mbili baadaye Baba Recho akatangaza anachimba choo. Alimleta Gidamis, mwanaume mrefu wa upande wa Hanang ambaye alikuwa anachimba visima na mashimo ya watu mjini, na wakaweka kigingi nyuma ya chumba, hatua moja tu kutoka ukutani. Happy akaenda kwenye mshale, akatembea kando ya ukuta taratibu, akipanua miguu. Alipofika kwenye kigingi alikuwa amefika saba. Alinigeukia. "Nani anachimba choo ukutani mwa watu, Yona?" Nilitafuta neno la kuchekesha. Nilikosa.

Ukuta kati ya chumba na duka ulikuwa wa mbao tu, kwa hiyo Jumamosi tukiwa tunakula tulisikia kila kitu. "Ukifika futi saba utakuta udongo mwekundu," ilikuwa sauti ya rafiki yake Baba Recho. "Ukikuta mkaa, simama, hapo ndipo mizimu ya wenyewe inapolinda." Baba Recho akasema, "Yule mtoto hakulitunga lile. Mtoto wa vile hawezi kutunga. Amelisoma kwenye makaratasi ya yule mama, si alikuwa ofisi ya ardhi?" Mama Bura akaacha kutafuna. Akatuuliza taratibu, "Wanaongea habari gani?" Happy akanitazama. Mimi nikasema, "Mambo ya choo, Mama." Nikaongeza makande mdomoni ili nisiweze kusema zaidi.

Shimo likashuka mpaka kiunoni, likashuka mpaka kifuani kwa Gidamis. Ukuta ule ulikuwa wa matofali ya udongo juu ya mawe, na mawe yenyewe yalishikwa kwa tope, hakuna saruji hata kijiko. Ufa ukatokea chini ya dirisha. Happy alikuwa anaupima kila tukienda: mara ya kwanza uliingia njiti ya kiberiti, mara ya pili kalamu ya risasi, mara ya tatu kidole changu. Gidamis mwenyewe aliuona. "Mimi nimemwambia," akatuambia akiwa chini, amejifuta jasho kwa mkono wenye tope. "Nimesema sogeza. Anasema hapahapa. Mimi nachimba shimo, yaliyomo ni ya mwenye shimo. Lakini ukuta huu haunipendi." Mama Bura akawa anakuja kila siku sasa, siyo Jumamosi tu. Analeta kigoda, anakaa katikati ya vitu vyake, anasuka mkeka. Alidhani akikaa ndani hawatathubutu. Happy akaniambia, "Mwambie leo. Mwambie ni wewe, atoke humo." Nikamwambia nitalimaliza kiume. Maana yake ilikuwa nitakwenda kwa mtu mwingine yeyote, ilimradi siyo kwa Mama Bura.

Nikaenda kwa Baba Recho. "Shikamoo." "Marahaba, Yona." Nikamwambia lile sanduku nililitunga. Hakuna. Nilikuwa natania. Akafanya kitu ambacho sikukitegemea, akanisogezea kiti na kufunga mlango nusu. "Nani amekutisha?" akauliza kwa upole. Nikasema hakuna. "Unaota usiku? Unaona mzungu?" Nikasema sioti chochote, baba, nimedanganya. Akatikisa kichwa kama daktari. "Ndivyo wanavyofanya. Mtu akishataja, wanamziba mdomo, anaanza kukana." Nikamwambia ule ni mshale wa wapima ardhi, uko kwenye majengo mengine pia, njoo nikuonyeshe. Akaja, tena akamwita Gidamis. Tukatembea watatu mchana ule, mimi mbele natokwa jasho, nikawaonyesha mshale kwenye ngazi za ofisi ya zamani, mwingine kwenye kona ya duka lisilo na paa, mwingine kwenye daraja dogo, wote sawasawa, mstari juu na mshale chini. "Umeona, baba? Ni vipimo. Mjerumani gani atazika masanduku manne?" Baba Recho aliinama kwenye daraja, akaupitisha kidole ule mshale. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa unang'aa.

"Kumbe yako mengi," akasema.

Gidamis aligeukia upande wa mlima Kwaraa akaanza kukohoa, na mpaka leo naamini kilikuwa kicheko. Mimi nilitaka kukaa chini barabarani.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile ya kuchosha, isiyo na radi. Ilipopungua Baba Recho akamrudisha Gidamis shimoni atoe maji kwa ndoo. Sisi tulikuwa ndani na Mama Bura, makande yanafuka moshi, na mimi nimeshaamua. Nilikuwa nimeweka bakuli chini na kufungua mdomo. Nikasema, "Mama, lile shimo," ndipo tukasikia mlio kama mtu anamwaga sukari kwenye sinia. Tope la ukutani lilikuwa linaporomoka kutoka kwenye ufa. Nje Gidamis akapiga kelele kwa Kidatoga, halafu kwa Kiswahili, "Tokeni! Tokeni!" Happy akamshika Mama Bura mkono tukakimbilia mlangoni, na tulipokaribia kizingiti Mama Bura akajinasua akarudi. Aliirudia sketi. Ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta uleule. Nilimwona anainyanyua kwenye misumari, taratibu, msumari mmoja, wa pili, asirarue shanga, na juu yake tofali linasogea kama jino bovu. Miguu yangu haikwenda. Huo ndio ukweli, nimeuzunguka sana lakini ndio huo. Aliyerudi ni Happy. Alimvuta kwa kiuno, wakaanguka wote wawili barazani na sketi, na ukuta ukaingia ndani ukiwa mzima, kama mtu anayelala kifudifudi, bati likalia, vumbi likatoka mlangoni na kutufunika. Gidamis alikuwa ameshajitupa nje ya shimo. Jembe lake, sururu, vibuyu, taipureta na makande vilibaki chini.

Watu wakajaa. Mwenyekiti wa mtaa akaja na mwavuli. Baba Recho alikuwa anatetemeka, na mtu anayetetemeka hutafuta wa kumpa mzigo. Daftari la Happy lilikuwa limeanguka barazani limefunguka. Akaliokota. "Haya, tazama mwenyekiti! Mshale huu, na hatua hizi, moja mpaka saba! Huyu binti ndiye alichora ramani, ndiye aliyeeneza!" Mwenyekiti akavaa miwani. Akamuuliza Happy, "Daftari ni lako?" Happy, uso mweupe kwa vumbi, akasema, "Ni langu." "Basi Jumatatu nitafika shuleni kwenu." Happy hakunitaja. Alinitazama tu mara moja, akaangalia chini.

"Ni mimi," nikasema. "Buti nilichora mimi. Sanduku nililitunga mimi. Happy hahusiki."

Watu wakacheka. Sijawahi kuchekwa vizuri kama siku ile. Mama mmoja akasema, "Huyu mtoto jamani, hata kwenye msiba!" Mwenyekiti akanipungia mkono, "Yona, utani baadaye." Nikarudia kwa sauti, wakacheka tena, kidogo kidogo, wengine wanapigana viwiko. Nililia. Wakadhani hata hicho ni kipande cha mchezo. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Bura alikuwa amekaa chini barazani, sketi mapajani, anatoa vumbi kwenye shanga kwa kidole gumba.

"Kwa nini saba?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Ndiyo namba ya kwanza iliyokuja."

"Siku ile nilipokuwa sina sauti."

"Ndiyo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, na mwenyekiti akavua miwani yake, maana sasa watu walielewa. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliikunja sketi, akasimama kwa kujishika magoti, akaenda mlangoni, akachomoa chini ya tofali kitu kimoja alichokiona kinachungulia, daftari la wageni. Akalipigapiga kwenye nguzo vumbi litoke. "Wako kumi na tisa," akasema. "Keshokutwa ukitoka shule, tunaanza."

Tulikwenda wiki tatu, kwa miguu, yeye na mimi. Nyumba kwa nyumba, duka kwa duka. Yeye anabisha hodi, anaamkiana na watu, anakubali kiti, halafu ananyamaza na kunitazama mpaka niseme. Tulipewa chai, tulipewa maziwa ya mgando, kuna sehemu tulipewa perege wa ziwani na ilibidi nikiri uongo wangu huku nimeshika mwiba. Wengine walinihurumia, wengine walinisema mpaka nikawa mdogo kama kisoda. Baba Recho alikuwa jina la kumi na moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akajibu, "Sawa, mwanangu," na tulipofika nje nikasikia anamwambia mkewe kwamba mizimu ya sanduku bado imenishika. Mama Bura alisikia pia. Akaongeza mwendo.

Jina la mwisho lilikuwa la mama mmoja wa Bonga. Tulimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikasema yangu, nilikuwa nimeshayasema mara kumi na nane lakini hayakuwa yamelainika hata kidogo. Yule mama akacheka kwa wema. "Mimi nilijua tangu siku ile. Lakini ulivyosema! Huyu wangu hajalala vizuri tangu tutoke kwako, kila siku sajenti, sajenti." Akaita, na msichana wa kama miaka saba akatoka jikoni, akanitambua, akaja kukaa mbele yangu kabisa, magoti yake yanagusa yangu. "Eleza tena ya ule mshale," akasema. Mama Bura alikuwa anatazama mahindi.

Nikamweleza. Nikamwambia kulikuwa na wapima ardhi, walitembea kwa miguu na darubini ya miguu mitatu, jengo hadi jengo, wakichonga mstari kwenye jiwe ili atakayekuja baadaye ajue ardhi hii iko juu kiasi gani. Nikamweleza kwamba mshale hauonyeshi kitu chochote ila ule mstari. "Halafu?" akauliza. Halafu wakaenda jengo lingine, nikasema, wakapima tena. Akasubiri kidogo, macho yake makubwa. Alipoona sajenti haji, akasimama, akajipangusa gauni, akarudi jikoni. Yule mama akaendelea na mahindi yake. Nilikuwa bado sijafika kwenye lile daraja la Mama Bura, linaloanza kupimwa kutoka kwenye mstari. Nikaendelea kueleza kama nilivyofundishwa, mpaka mwisho.